Twyla Haugen na Filimbi Iliyodumu Mpaka Mkate Ukaiva

Baada ya misimu thelathini na mitatu ya kuongoza wawindaji wa dubu katika milima yetu ya Idaho, Twyla Haugen anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Anayeandika ni Verna, mpishi wa kambi na mama yake mzazi. Mkiona nimemsifu kupita kiasi, mjue hapo nimejizuia.

Twyla alianzia jikoni kwangu, akimenya viazi. Alipoomba kuongoza wawindaji, mwenye kambi wa wakati ule, marehemu Orval Stroud, alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. "Dubu unamwita bila kupumzika, binti. Ukinyamaza dakika moja tu, anasahau alikokuwa anakwenda. Pumzi hiyo utaitoa wapi?"

"Huko huko unakotoa maneno, mzee."

Akapewa msimu mmoja. Asipoleta dubu hadi siku ya mwisho, anarudi kwenye viazi na asiombe tena.

Kosa lake la kwanza ndilo la wageni wote: filimbi ya kumwitia dubu, inayoiga kilio cha mnyama mdogo ili dubu aje akidhani ni windo, aliichagua kwa macho. Ilikuwa ya mbao, imeng'arishwa, ulimi wake, kile kipande chembamba kinachotoa sauti, umefungiwa ndani. Dukani ililia kama mtoto wa kulungu aliyekamatwa, hata mimi nikashika kifua. Mlimani dubu alifika hatua sitini kutoka kwake, filimbi ikajaa mate, ikakwama. Dubu akakaa chini, akajikuna, akaenda zake kula majani. Siku zilizobaki zilikuwa tisa.

Mwingine angelia. Mwanangu alikusanya filimbi saba, akazimwaga kwenye meza yangu ya unga. Nikamwambia, "Mkate unaingia kwenye oveni sasa hivi. Puliza mpaka niutoe. Itakayokufia mdomoni, tupa."

Mkate wangu huiva kwa dakika arobaini. Tulioka mikate saba, mmoja kwa kila filimbi, siku tatu mfululizo. Mbwa wetu alihamia kwa jirani. Mwindaji mmoja alichungulia dirishani kuuliza, "Mama Verna, mnachinja nini humo?" Filimbi moja ilitaka pumzi za farasi, nyingine ikapoteza sauti mkate haujapata hata rangi. Sita zikaishia kwenye ndoo. Iliyobaki ilikuwa ya plastiki ya rangi ya chungwa, mbaya ajabu, ulimi wake wazi, unaubana kwa midomo. Ikiingia mate unaigonga gotini mara moja, inaendelea kulia.

Siku ya mwisho alipanda nayo akiwa na mteja mmoja, mzee Delbert Ames. Alipuliza nusu saa nzima, hata kunguru hakuja. Delbert akamnong'oneza, "Acha, binti, midomo inatoka damu." Twyla akatikisa kichwa tu, maana mdomo ulikuwa na kazi. Dakika ya arobaini na nne dubu mweusi alitokea kwenye misonobari, akija moja kwa moja. Delbert alifyatua risasi moja, ikatosha.

Jioni ile Orval aliingia jikoni, akavuta ndoo, akaanza kumenya viazi mwenyewe.

Tangu hapo hakuna mwongozaji wa kambi hii anayepanda mlima na filimbi ambayo haijamaliza mkate mmoja. Nimewaona wanaume wenye mabega kama milango wakiishiwa pumzi kabla ya dakika kumi, na Twyla akiwaambia waanze upya kesho. Katika miaka yake yote hakuna mteja aliyerudi na jeraha. Wanawake wanne wanaongoza hapa leo, na kila mmoja amepuliza karibu na oveni yangu.

Twyla, kambi nzima inakushukuru kwa pumzi uliyotupa miaka thelathini na mitatu. Maisha yaliyobaki yawe marefu na yenye raha. Tarehe mosi Julai nitaoka kama kawaida. Njoo ukae mezani, unyamaze dakika zote arobaini, kisha ule kipande cha kwanza.