Maman Ghislaine, macho ya salle ya écho

Tarehe makumi tatu ya mwezi wa sita, 2025, Maman Ghislaine Nabintu anatoka ku kazi kisha miaka makumi tatu na moja. Balinituma mimi Placide, mwenye kupiga ku ordinateur ma-rapport ya salle ya écho, pale banaangalia mutoto mu tumbo, niandike hizi mistari.

Alianza hapa kliniki ya Nyalukemba akiwa munganga wa maternité. Wakati mashini ya trois dimensions ilifika, kila muzazi alitaka picha ya sura nzuri ya mutoto. Maman Ghislaine alitafuta mifupa. Ku mimba ya wiki kumi na mbili, kichwa ya mutoto haipite mbegu ya avoka, lakini yeye alikuwa anageuza picha polepole mpaka anaona pembetatu yake: juu mifupa mbili ya pua, huku na huku taya ya juu, chini mufupa wa palais, ile kaakaa ya mu kinywa. Kama pale chini kuko mwanya, mutoto anaweza kuzaliwa na mudomo ya kupasuka, na mama anatayarishwa mapema. «Musipendezeshe picha,» alikuwa anatuambia. «Mukiipendezesha, munafunika mifupa.»

Papa moja alimuuliza kama ile pua ni yake. «Papa, kwa sasa ni mifupa mbili tu. Utagombana na bashemeji kisha kuzaa.»

Sasa niseme kitu yenye nilificha toka 2019. Batu bakijaa, sikukuwa napiga rapport mupya. Maman Ghislaine alikuwa ananisomea kwa mudomo, mimi nafungua ya zamani, nabadirisha jina na namba, basi. Siku Amisa wa Kalehe alikuja, nilifungua rapport ya mwingine mwenye mutoto yake alikuwa na mwanya. Nilibadirisha jina. Mwanya ikabaki. Maman Ghislaine akatia signature mbio, batu banamungojea.

Amisa alirudi Kalehe na ile karatasi. Mama-mukwe akasema mu familia yao mudomo ya kupasuka haiko, atafute kwenye ile mimba ilitoka. Bwana akamurudisha kwa bazazi.

Kisha wiki tatu Amisa akaja tena kwetu, analia. Maman Ghislaine akarudilia examen: pembetatu muzima. Picha ya kwanza ilikuwa imefutwa, mashini ilijaa, basi akazani macho yake njo ilikosea. Akapanda boti pamoja na Amisa mpaka Kalehe, akaomba musamaha mbele ya mama-mukwe, na Amisa akarudi mu nyumba yake. Mu réunion ya kliniki balimukaripia Maman Ghislaine. Nilikaa nyuma yake. Nikanyamaza.

Toka pale anasoma kila rapport kwa sauti mbele ya mama mwenyewe, njo anatia signature. Sisi bote tunasifu ile règle. Ilitoka mu kosa yangu. Alibadirisha lunettes za macho mara mbili, na akakatala kufundisha banganga bapya, ati asibape macho mubaya.

Lundi ilipita nilimuambia yote. Alitosha lunettes, akaziweka mbele ya kiyo ya mashini.

«Kumbe macho yangu ilikuwa muzima, Placide.»

Halafu akacheka mpaka Adèle wa réception akakuja kuangalia. «Lunettes mbili! Utazivaa wewe. Na Kalehe utaenda na miguu yako.»

Nilienda. Mama-mukwe alinisema mpaka chai ikapoa, Amisa anamuambia, «Maman, mumuachie, amekuja mwenyewe.» Amisa alikubali niandike jina yake. Binti yake Asumini iko na miaka tano, mudomo muzima, na haifungi hata dakika moja.

Hii karatasi nilimusomea Maman Ghislaine kwa sauti, hivi règle inaomba. Alisema nitoshe jina yangu pale ku kosa. Nilikatala. Hii moja nilipiga toka mustari ya kwanza, sikufungua ya zamani.

Maman, aksanti. Enda kwako Nyantende, lima maharagi yako, lala muzuri. Mardi utashuka kufundisha bapya, umekubali mbele ya Adèle. Tunakuwekea kiti mbele ya kiyo.