Kibendera cha Tatu cha Tjark Lorenzen

Marehemu Tjark Lorenzen alizaliwa Machi 11, 1922, Heikendorf, mtoto wa mpaka rangi wa meli, Klaas, na mkewe Meta. Alisoma hapo hapo hadi 1936, kisha akaenda Kiel kujifunza kushona matanga.

Mwaka 1941 aliingia jeshi la majini, akapangiwa nyambizi mpya iliyochorwa nungunungu kwenye mnara wake. Kwa kuwa aliijua sindano, alipewa kazi ya vibendera: kila meli iliyozamishwa, kibendera kimoja cha kupeperushwa wakirudi bandarini. Alishona viwili, wala hakuvikana kamwe. "Mikono ni hii hii," alikuwa akisema, akiitandaza mezani.

Februari 1943 walizamisha meli ya tatu. Nyambizi ilipoibuka, palikuwa na mashua ya manusura ubavuni, watu wameungua vibaya. Tjark akawarushia kitambaa chote cha vibendera wafungie vidonda. Wakikaribia nyumbani nahodha akauliza, "Lorenzen, kibendera kiko wapi?"

"Wamekivaa wenyewe, Nahodha."

"Basi kishone kwa shuka lako!"

"Sishoni."

Alifungwa siku ishirini na moja, kisha akarudishwa kazini. Mei 5, 1945, mabaharia wenyewe waliizamisha nyambizi hiyo katika ghuba ya Gelting, isije ikatekwa na adui.

Mwaka 1949 alimwoa Gesche Thoms, mkausha samaki kwa moshi. Gauni la harusi Tjark alilishona mwenyewe kwa kitambaa cha tanga, likamkwaruza bibi harusi hadi madhabahuni. "Hivi niliolewa, au nilipandishwa mlingotini?" Gesche huuliza mpaka leo.

Chama cha mabaharia wa nyambizi kiliandika historia ya nyambizi hiyo: meli tatu, vibendera vitatu. Kila mkutano Tjark alisimama kupinga.

"Keti bwana, yameshapita."

"Yamekupita wewe!"

Moyo ulianza kumsumbua 2007. Alifariki nyumbani Novemba 3, 2009.

Jana mwenyekiti wa chama, Mzee Ohlsen, alimjia Wiebke, binti wa marehemu anayesoma wasifu huu. Alitaka kufunika jeneza kwa bendera ya chama, na habari ya kitambaa iachwe. "Binti yangu, usimwaibishe baba yako mbele ya wenzake."

"Aibu ya nani, Mzee? Viwili alishona, akakiri. Cha tatu alikataa, na leo hamtamshonea nyinyi!"

Mzee Ohlsen yupo, safu ya pili. Karibu, Mzee. Jeneza halina bendera.

Marehemu ameacha mjane, Gesche. Watoto, Wiebke na Arne. Na wajukuu wanne. Wapo pia wale wa mashuani, kama yupo aliyefika nchi kavu. Majina yao hakuyajua, lakini familia inawahesabu kuwa wafiwa.

Mungu amlaze pema, na mikono yake nayo ipumzike.