Kura ya Mama Futi

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofika kumsindikiza mwenzetu, familia imemchagua wifi wa marehemu asome maneno haya, kwa sababu wameishi jirani zaidi ya nusu karne, na kwa sababu, kama marehemu mwenyewe alivyozoea kusema, wifi huyu hata asipochaguliwa atasema tu.

Marehemu, fundi cherehani, mliyemjua wengi kwa jina la Mama Futi kwa kuwa futi ya kupimia haikumtoka shingoni hata siku za mapumziko, alizaliwa tarehe 4 Machi 1947, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa mpakia mizigo na mkewe, na inasemekana alilia kwa sauti iliyowafanya wafanyakazi wa zamu ya asubuhi wadhani ni king'ora, wakaanza kazi kabla ya saa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1955 hadi 1961, akaishia darasa la saba, si kwa kukosa akili bali kwa kukosa nafasi, na mwaka uliofuata akaenda kujifunza kazi kwa mshona sare za shule, mpaka mwaka 1966 alipofungua chumba chake mwenyewe, chenye dirisha moja la barabarani, cherehani ya miguu na kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na humo ndimo alimofanyia kazi, na kusikia habari zote za mtaa, kwa miaka hamsini na saba.

Tarehe 12 Oktoba 1968 alifunga ndoa na fundi saa wa mtaa wa pili, kaka yake msomaji, ambaye alikuwa amepeleka suruali ileile kupunguzwa mara nne, hata bibi harusi mtarajiwa akamwambia aseme shida yake haraka kabla hajabaki na kaptula, akasema, akakubaliwa, wakajaliwa binti mwaka 1970 na mapacha wa kiume mwaka 1973, na wajukuu saba, kabla ya mumewe kututangulia tarehe 2 Mei 2009.

Mwaka 2018 serikali ilianzisha kliniki ya wazee katika kituo chetu cha afya, matibabu bila malipo, jambo jema kabisa, ila kliniki yenyewe ikawekwa ghorofani, juu ya ngazi thelathini na nne, na sanduku la maoni likatundikwa hukohuko juu, mlangoni kwa mganga mkuu, kwa hiyo wenye magoti mabovu hawakufika kwa daktari wala kwenye sanduku, na mwezi Novemba 2020 ofisi ikatangaza kwamba wazee wote wameridhika, maana sanduku halikuwa na lalamiko hata moja. Mama Futi aliposomewa tangazo hilo alikuwa na pini mdomoni, akazitema zote, akasema kama hawa watu hawashuki, basi maoni yatawapandia wao.

Tangu siku hiyo kila mzee aliyeingia chumbani kwake aliulizwa, futi ikiwa kiunoni, angependa kliniki iwe wapi, ifunguliwe saa ngapi na nani amsemee kwa wakubwa, na majibu yote aliyaandika kwenye daftari la vipimo, kwa kuwa hakuwa na jingine, wakafika wazee mia mbili na kumi na wawili, wengine wala hawakuwa na nguo ya kushona. Tarehe 14 Aprili 2021, kwenye mkutano wa hadhara katika ukumbi wa shule, alikabidhi daftari hilo kama lilivyo, na karani, mtu wa bidii na sauti kubwa, akasoma kila alichokiona, kwamba mwalimu mkuu mstaafu, kiuno inchi arobaini na sita, anaomba kliniki ishushwe, mwalimu akasimama akipiga kelele, "Weka chini hilo daftari, wewe!", na sauti ikamjibu kutoka nyuma, "Keti mzee, kiuno tumeshakijua, tunangoja maoni!", kiuno cha wifi nacho kikasomwa, na kwa heshima ya msiba hakitarudiwa hapa.

Lakini kicheko kilipotulia, hakuna aliyeweza kudai maoni yale yametungwa, kwa kuwa wenye viuno walikuwapo wote, na Julai mwaka huo kliniki ikashushwa kwenye chumba kilichokuwa stoo, na wazee wakapewa viti viwili vyenye kura katika kamati ya kituo, kwa majaribio ya miaka miwili, kimoja akachaguliwa kukikalia yeye.

Moyo ulianza kumsumbua Desemba 2022, miguu ikavimba, akawa anashona nusu siku, na tarehe 9 Juni 2023 akalazwa katika kituo hichohicho, akiwa na wasiwasi mmoja tu, kwamba majaribio yanaisha mwezi huo na wazee watarudishiwa sanduku lao. Ijumaa tarehe 16 kamati ilipiga kura, wanne wakataka viti vibaki, wanne wakakataa, mmoja wa waliokataa akadai mgonjwa asihesabiwe kwa kuwa ana masilahi, mwenyekiti akamuuliza kama yeye hatarajii kuzeeka, kisha wote wakabeba viti vyao hadi wodini, wakazunguka kitanda, swali likarudiwa, na Mama Futi akanyoosha juu mkono uleule wenye dripu. Muuguzi akaja mbio, "Bibi, shusha mkono, sindano itachomoka!", naye akasema, "Hesabuni kwanza, ndipo nishushe."

Alifariki Jumapili tarehe 18 Juni 2023, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sabini na sita, binti yake amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya chini, majirani mliopokezana kumpelekea uji, mafundi wenzake mnaomalizia nguo zilizobaki mezani, na wajumbe wote wa kamati, hata wale wanne waliokataa, maana nao walibeba viti. Lala sasa kwa amani, wifi yangu, shusha mkono, tumeshahesabu.