Pole kwa Bwana Lennart

ZIADA: Haloo? Haloo! Paza sauti bwana, nani huyo?

BONIFACE: Dada Ziada? Shikamoo dada. Mimi Boniface.

ZIADA: Marahaba. Boniface yupi sasa?

BONIFACE: Wa kiwanda cha malori, dada. Wa Södertälje. Niliyelala kwenye kochi lako mwezi mzima nilipofika.

ZIADA: Aa, Boni! Si useme! Kochi lenyewe mpaka leo lina shimo lako. Mbona unasikika kwa mbali hivyo?

BONIFACE: Niko kisiwani. Napiga kutoka kibanda cha simu hapa gatini, karibu na— (mikwaruzo) —ndege hawa wa baharini wana kelele!

ZIADA: Enhe, nipe habari za likizo! Si ulituringia kwamba bosi wako anakupeleka kuiona Sweden? Umeona nini? Kasri la mfalme? Ile meli yao ya kale? Picha umepiga?

BONIFACE: Dada, sikupiga simu kwa hayo. Nauliza tu, na wewe umo kwenye boti?

ZIADA: Boti gani? Boni, umepiga simu nyumbani kwangu Rissne, na mimi nimeipokea. Nitakuwaje kwenye boti?

BONIFACE: Eh, kweli.

ZIADA: Jua limekupiga kichwani.

BONIFACE: Basi wewe ulitoa nini? Maana Paskalia aliniambia blanketi zimetosha.

ZIADA: Blanketi? Yarabi, kuna msiba? Nani kafa?

BONIFACE: Hakuna aliyekufa. Ule mchango, dada. Si mlikaa kikao nyumbani kwa Januari, mwenyekiti wetu?

ZIADA: Mlikaa nani? Mimi nilikuwa zamu Sundbyberg, nawaogesha wazee wa watu. Na Januari akiita kikao mimi siendi, ataniteua mweka hazina. Mchango wa nani?

BONIFACE: Wa bosi wangu. Bwana Lennart.

ZIADA: Kapatwa na nini?

BONIFACE: (kwa sauti ya chini) Kafilisika.

ZIADA: Lennart yupi? Yule aliyekuja kukuchukua hapa kwangu na Volvo inang'aa mpaka majirani wakachungulia?

BONIFACE: Huyo huyo. Volvo tumeiacha bara, sijui kama ataikuta. Dada, hali niliyoikuta huku ningekuwa peke yangu ningelia. Kwanza nyumba. Si nyumba, ni kibanda cha mbao, rangi imebabuka, mlango unafungwa kwa kamba. Umeme hakuna. Maji anateka kisimani kwa ndoo. Jioni anawasha taa ya chemli!

ZIADA: Mh.

BONIFACE: Choo ni cha shimo, kipo kule nyuma porini. Cha bibi yangu kule Makete ni afadhali, kina bati. Na yeye mwenyewe, mhandisi mzima, mtu niliyezoea kumwona na tai, anashinda na kaptula yenye viraka, pekupeku, anapasua kuni.

ZIADA: Mnakula nini?

BONIFACE: Viazi. Jana viazi, leo viazi. Na samaki wabichi aliowaloweka kwenye siki na sukari. Sukari, dada, kwenye samaki! Nikajua basi, huyu hata chumvi imemshinda.

ZIADA: (anacheka) Ngoja... ngoja nikae chini...

BONIFACE: Unacheka?

ZIADA: Nyie! Mbavu zangu! Zima hiyo redio, we mtoto, nasikia vitu huku! ... Kanijibu "ja, ja" lao la Kiswidi, na redio hazimi. Boni, sikiliza. Hiyo ndiyo likizo yenyewe.

BONIFACE: Likizo ipi?

ZIADA: Hiyo unayoiona! Kisima, mbu, choo cha shimo. Mwaka mzima wanachapa kazi wakiota mwezi wa saba waende wakateseke hivyo. Daktari wetu mkuu ana kibanda kama hicho, na kikivuja ndio anakisifia zaidi. Huyo bwana hana shida yoyote. Anastarehe!

BONIFACE: Kwa hiari yake?

ZIADA: Kwa hiari yake na akili zake timamu.

BONIFACE: Dada, mimi nimesoma kwa chemli tangu darasa la kwanza, na nilisoma ili niachane na chemli. Nimeaga kijiji kizima, wakaniombea. Nimepanda ndege mpaka Ulaya. Halafu Mzungu ananipa ndoo ananionyesha njia ya kisimani?

ZIADA: Na ulivaa nini, maskini?

BONIFACE: Suti ya harusi. Na vile viatu vyeupe.

ZIADA: Vile vyeupe! Jamani!

BONIFACE: Kimoja kilizama kwenye tope nikiteremka kwenye boti. Tumekitafuta kwa fimbo.

ZIADA: Sasa tulia, kula viazi vyako, sema "kuzuri sana, kuzuri sana" kila baada ya muda. Wanapenda hivyo. Huo mchango mwambie Januari auvunje.

BONIFACE: Dada...

ZIADA: Boni?

BONIFACE: Wapo njiani, dada.

ZIADA: Nani wapo njiani?

BONIFACE: Januari. Paskalia. Na yule Mganda, Mukasa, na watu wake. Wamepanda boti ya mchana, nadhani ndiyo ile naiona inakata kona. Wana gunia la mchele, unga wa ugali, blanketi, sufuria. Na godoro.

ZIADA: Godoro!

BONIFACE: Nilimpigia Januari nikamwambia anakolala bosi ni ubao mtupu. Akasema mtu hawezi kumfundisha kazi ndugu yetu mchana halafu usiku akalala ubaoni sisi tukiwa hai. Kaandaa na hotuba.

ZIADA: Kwa Kiswidi?

BONIFACE: Kwa Kiswidi.

ZIADA: Tumekwisha! Boni, si huyo Lennart ndiye mwenye ripoti yako?

BONIFACE: Ndiye. Mwezi wa nane ataandika kama nabaki mwaka wa pili wa mafunzo au narudishwa. Na Getrude wangu kule nyumbani ameshaacha ualimu, ameshagawa mpaka kuku, anangoja nimwite. Ndiyo maana nimekupigia, dada. Nikimwaibisha huyu bwana—

ZIADA: Wanajisikia hawa! Ukimwambia Mswidi "pole kwa umaskini" mbele ya majirani zake, hakujibu kitu, anatabasamu, na wiki inayofuata barua inakuja. Wazuie!

BONIFACE: Niizuie boti kwa mkono?

ZIADA: Basi tunga uongo. Sema wamekuja pikniki.

BONIFACE: Na gunia la mchele?

ZIADA: Waafrika tunakula sana! Sema hivyo, ataamini.

BONIFACE: Na godoro je?

ZIADA: Sema mila. Mwafrika akisafiri anabeba godoro lake. Mimi kazini niliwaambia binamu yangu akiolewa lazima nipewe likizo ndefu, ni mila, wakanipa na maua juu. Sema mila!

BONIFACE: Dada, tatizo lingine, na yeye mwenyewe yupo hapa gatini. Namwona kutoka hapa.

ZIADA: Si ulisema anapasua kuni?

BONIFACE: Boti ya mchana ikikaribia huwa anaacha kila kitu. Ananyoa, anavaa shati jeupe, anakuja kusimama hapa. Kila siku. Anampokea mkewe, Birgitta.

ZIADA: Enhe, huyo mke ndiye mzungumze naye, wanawake wana busara. Anafika leo?

BONIFACE: Anasema leo.

ZIADA: Anasema?

BONIFACE: Na jana alisema atakuja jana. Toka nimefika anasema hivyo. Boti inakuja, watu wanashuka, inaondoka, yeye anabaki anaangalia maji. Halafu tunarudi kumenya viazi. Nilidhani mama amekwenda kwa ndugu zake kuomba msaada.

ZIADA: Mh.

BONIFACE: Asubuhi anamimina kahawa vikombe viwili. Mimi sinywi kahawa, nilimwambia. Kikombe cha pili kinapoa pale, halafu anakimwaga nje. Na kandambili za mama zipo mlangoni, hazisogezwi, hata nikifagia ananiambia niziache.

ZIADA: Boni. Hebu ngoja. Kazini kwenu wanasemaje juu ya huyo mke?

BONIFACE: Kazini? Hawasemi. Tangu Pasaka wanakunywa kahawa meza yao, yeye meza yake. Nilidhani ni heshima ya cheo.

ZIADA: Ee Mola wangu.

BONIFACE: Nini?

ZIADA: Na ndiyo maana kakualika wewe. Mimi najiuliza, Mswidi anamwalika vipi mwanafunzi wa juzi kibandani kwake? Kwao kibanda ni cha ndugu wa damu. Hawaiti watu hovyo huko.

BONIFACE: Wewe dada hawakukuita? Miaka yote hiyo?

ZIADA: Mimi nina kazi nyingi.

BONIFACE: Lakini vibanda vyao unavijua vizuri sana.

ZIADA: Wanasimulia wakati wa kahawa. Mimi nasikiliza, nacheka panapochekesha. (mikwaruzo) Acha habari zangu, boti iko wapi?

BONIFACE: Inafunga kamba. Anashuka bibi mmoja na mbwa... baiskeli... Mama yangu, godoro hilo!

ZIADA: Linaonekana?

BONIFACE: Mukasa kalibeba kichwani. Paskalia yuko nyuma na sufuria, kavaa khanga doti nzima, kajitanda kimsiba kabisa. Watu wote wa dukani wametoka nje. Januari kavaa kaunda suti. Anamwendea bosi. Kamshika mkono, dada, hamwachii!

ZIADA: Mkimbilie! Sema mila!

BONIFACE: Ameanza hotuba.

ZIADA: Unamsikia?

BONIFACE: Namsikia, si unajua sauti ya Januari. Anasema... "Tumesikia yaliyokupata. Kwetu mtu haachwi peke yake kwenye..." hapo kakwama... kasema majonzi, kwa lile neno lao la mazishini!

ZIADA: La mazishini! Mungu wangu, na bosi je? Anatabasamu? Nijibu, anatabasamu?

BONIFACE: Hapana.

ZIADA: Afadhali kidogo.

BONIFACE: Anamwangalia Januari, anaangalia ile boti. Inaondoka, hakuna mwingine aliyeshuka. Sasa anauliza kitu... anauliza... Dada.

ZIADA: Sema basi, utaniua!

BONIFACE: Anauliza, "Nani amewaambia kuwa Birgitta ameniacha?"

ZIADA: Nilijua!

BONIFACE: Januari hakuelewa. Anaitikia kwa kichwa tu, "Tuko pamoja, tuko pamoja." Sasa bosi... amekaa, dada. Kakaa juu ya gunia la mchele. Kainama. Mabega yanatikisika.

ZIADA: Analia?

BONIFACE: Analia mchana kweupe, mbele ya duka. Wenye mbwa wao wanageuka pembeni. Paskalia ameweka sufuria chini, kamkumbatia, anampigapiga mgongoni kama mtoto wake. Na Mukasa bado ana godoro kichwani, hajui aliweke wapi.

ZIADA: Maskini mtu wa watu. Tangu Pasaka, na watu wamejaa kiwandani.

BONIFACE: Dada, na mimi nilimwonea huruma kwa ajili ya choo.

ZIADA: Choo ndicho kilichomsaidia. Tungejua ukweli tungeona aibu, tungekaa majumbani kama hao wenzake. Hata mimi.

BONIFACE: Ananipungia mkono. Ngoja, nifungue mlango wa kibanda... (mikwaruzo, sauti za watu kwa mbali) ... Ndiyo, Bwana Lennart! Nakuja! ... Dada, anauliza kama wote wanalala. Anasema viazi vipo. Januari kasema leo hatuli viazi, Paskalia anapika pilau.

ZIADA: Na juu yako kasema nini? Kakukasirikia?

BONIFACE: Ananicheka miguu. Nina kiatu kimoja na kandambili ya dukani. Kasema, "Boniface, mwaka ujao njoo na mabuti."

ZIADA: Kasema nini? Rudia!

BONIFACE: Kasema mwaka ujao nije na mabuti.

ZIADA: Mwaka ujao! Umesikia ulichosema, we bwege? Mwaka ujao! Mwandikie Getrude leo hii, mwambie agawe na jogoo!

BONIFACE: Eh! Eh, dada! Kumbe! (anacheka, sauti inakatika) Dada, sarafu ya mwisho hii, inalia. Nakushukuru sana. Msalimie mtoto—

ZIADA: Ngoja, usikate! Hiyo pilau Paskalia ataiunguza, yule hajui moto wa kuni. Mtahitaji iliki, mimi ninayo, nililetewa kutoka Tanga. Niulizie kama... muulize huyo bwana wako kama... Boni?

BONIFACE: Sikusikii, dada! Unasema?

ZIADA: Nasema muulize kama na mimi naweza—

BONIFACE: Haya dada, asante, kwaheri ya kuon—

ZIADA: Haloo? Haloo! Boni! Hujaniambia hiyo boti inapandiwa wapi!