Alichokiondoa Mezani Kwanza

Ndugu, majirani na marafiki, mniwie radhi nikisoma polepole, kwa kuwa miaka hii miwili imenichosha na sauti yangu bado haijarudi. Kwa kawaida kazi hii hupewa shemeji au binamu mwenye kifua kipana, lakini familia imeniachia mimi, mume wa marehemu, kwa sababu juzi sebuleni kwetu liliulizwa swali, na mwenye jibu nimebaki mimi peke yangu. Dada mkubwa wa marehemu, aliyeketi hapa mbele, aliuliza watu wote wakisikia, "Nilimkosea nini mdogo wangu mpaka akanifungia mlango?", na kila mmoja akajifanya anatafuta kikombe chake. Nitamjibu kwa kuyasoma maisha haya kuanzia mwanzo, maana jibu lenyewe lilianza mapema.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968, mtoto wa pili na wa mwisho wa mama fundi cherehani na baba mlinzi wa ghala, katika vyumba viwili vya kupanga nyuma ya kituo cha mafuta. Nyumba hiyo ilikuwa na meza moja tu. Juu ya meza hiyo mama alikatia vitambaa, baba alikula chakula kabla ya kwenda lindo, na mabinti wawili walifanyia kazi za shule, kwa hiyo mara kadhaa kwa siku meza ilijaa na ilibidi kitu kimoja kipishe kingine. Mama alikuwa na utaratibu wake na hakuubadilisha kwa ajili ya mtu. Kilichoondolewa kwanza ni kile ambacho kimekaa bila kuguswa, na kati ya hivyo kilianza kile chenye mahali pake kabatini, kitabu kwa mfano, au mkasi, kwa sababu ukikihitaji utakikuta vilevile ulivyokiacha. Kitambaa kilichokatwa nusu kilikuwa jambo jingine, hicho hakikukunjwa hata kama chakula kinapoa, mpaka kwanza kibanwe pini na kuwekwa alama ya chaki, maana kilichokuwa kichwani mwa fundi hakikuwa kimeandikwa popote.

Dada mkubwa atanisamehe nikikumbusha kwamba mwaka 1979, akiwa na haraka ya kuandaa chakula, alikunja magauni mawili ya kitambaa kimoja bila pini hata moja, na mama, kwa uchovu, akayashona kama alivyoyakuta. Mteja mmoja akapata mikono miwili ya kushoto na mwenzake miwili ya kulia, na yule wa kwanza alirudi amelivaa, akasimama mlangoni na kusema, "Mama fundi, hili gauni linanipeleka kwa jirani na mimi nataka kwenda kwangu." Tangu siku hiyo marehemu alimwita dada yake Kushoto, na hata simu yake ilimtambua kwa jina hilo hadi mwisho.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1975 hadi 1981, akaendelea na sekondari hadi 1987, na mwaka 1988 akaingia chuo kikuu kusomea sayansi ya kompyuta, katika darasa lililokuwa na wasichana wanne. Mimi nilikuwa nasomea upimaji ardhi, na tulikutana kwenye foleni ya chumba cha kompyuta, ambako mashine zilikuwa chache na subira yake ilikuwa chache zaidi. Alihitimu Novemba 1992.

Tarehe 1 Februari 1993 aliajiriwa na kampuni ndogo iliyotengeneza mashine za maabara za hospitali, ofisi yake ikiwa ghorofa ya pili juu ya duka la matairi, chumba chenye madirisha yasiyofunguka na harufu ya mpira isiyotoka nguoni. Alikaa hapo hadi afya ilipomshinda. Kazi yake kwa sehemu kubwa ilikuwa moja, na kwa kuwa wengi wenu mlimwuliza kwa miaka mingi anafanya nini hasa, naye akawajibu kwamba anapanga vyombo, naomba niieleze.

Ndani ya kila kompyuta kuna kumbukumbu ya haraka, ambayo ni meza, ndogo siku zote kuliko kazi, na kuna diski, ambayo ni kabati, kubwa lakini ya mwendo wa taratibu. Kiini cha mfumo endeshi ndicho chenye amri juu ya meza hiyo, na programu zote huomba nafasi kwake. Nafasi ikipungua chini ya alama fulani, kiini humwamsha mfanyakazi wake wa ndani, ambaye huanza kuondoa vitu polepole huku kazi zikiendelea. Hutazama kipi hakijaguswa kwa muda, hukisogeza pembeni, na kikiguswa tena kabla ya kuondolewa hukirudisha katikati. Chenye nakala yake diskini huachiwa mara moja bila hasara, chenye mabadiliko ambayo hayajaandikwa popote huandikwa kwanza ndipo kiachiwe. Nafasi ikizidi kupungua, kila aombaye husimamishwa hadi ipatikane, na ikikosekana kabisa, kiini huchagua programu moja na kuiua ili nyingine ziishi.

Mwaka 2004 mashine za kampuni yao zilianza kupoteza majibu ya vipimo vya wagonjwa. Mkuu wa idara alitaka ziongezwe kumbukumbu, yaani meza kubwa zaidi, lakini marehemu alikaa nazo wiki kadhaa na kugundua kwamba alama ya kuanza kusafisha ilikuwa imeshushwa mno na mtu aliyetaka mashine zionekane na nafasi nyingi ya kutumia, hivyo mfanyakazi wa ndani aliamshwa wakati mambo yameshaharibika, na kiini kwa kubanwa kikaua programu iliyoshika nafasi kubwa kuliko zote, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiandika majibu, huku ile ya kuonyesha nembo ya kampuni ikiendelea kumetameta. Aliipandisha alama, akapanga programu ipi isiuliwe, na majibu hayakupotea tena. Wenzake wakambandika jina la Mama Meza, naye akalikubali bila kinyongo.

Tulifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1995. Tulijaliwa watoto wawili, binti yetu aliyezaliwa 1997, ambaye ni mwalimu, na mdogo wake wa kiume aliyezaliwa 2001, fundi wa majokofu, aliyeacha chuo mwaka 2020 bila kutuaga kwa maneno yaliyonyooka, jambo ambalo yeye na mama yake hawakulimaliza kwa muda mrefu.

Tarehe 22 Machi 2021 daktari alituambia kwamba misuli ya moyo wake imedhoofika na haitarudi ilivyokuwa, ila nguvu iliyobaki inaweza kutumika kwa uangalifu. Aliacha kazi Desemba ya mwaka huo. Mwanzoni mlikuja wengi, kwa upendo, na kila mlipokuja alioga, akavaa, akaketi, akacheka nanyi, kisha akalala kutwa nzima ya kesho yake na keshokutwa, na alipopata nguvu ya kuinuka wakawa wamefika wengine. Mwezi wa Aprili 2022 aliniambia, "Baba, naamka ili nilale na nalala ili niamke, na hakuna nilichofanya," na akanieleza kwamba mashine iliyobanwa sana huishia hivyo, hutumia nguvu zake zote kutoa na kurudisha, taa zinawaka, feni inazunguka, na kazi haisogei. Alisema hatasubiri hadi moyo uanze kuua wenyewe bila mpango, ataanza kusafisha mapema.

Wa kwanza kufungiwa mlango alikuwa dada yake. Wakati huohuo alimkaribisha kila wiki jirani tunayechangia naye ukuta, mama ambaye hatukusalimiana naye miaka mitatu kwa ajili ya mtaro wa maji machafu, na dada mkubwa alipopiga simu kuuliza hali, akasikia sauti ya jirani huyo akicheka ndani. Najua lilivyomchoma. Lakini nami nilikuwa nimeuliza swali hilohilo, na mke wangu alinitazama kama mwanafunzi aliyefeli, akanijibu, "Kushoto yuko kabatini, mzima, kila ukurasa. Kati yetu hakuna kilichobaki kuandikwa. Huyu wa mtaro nikifa leo, ugomvi wetu unabaki nusu gauni."

Ndivyo alivyofanya kwa wote. Aliwaachia mapema wale ambao hakuwa na deni la neno nao, na wale wenye jambo ambalo halijakamilika aliwaweka mezani hadi alipolibana pini. Mtaro ulizungumzwa, ukazibuliwa na mwanangu na mume wa jirani, na jirani akaaga. Kijana aliyerithi kazi yake ofisini alikuja na kompyuta yake mapajani hadi alipoweza kueleza alama zote bila kusaidiwa, naye akaagwa. Na mwanangu alikuja Jumapili nyingi, wakagombana, wakagombana tena, hadi siku alipofungua jokofu letu la zamani jikoni na kumweleza mama yake linavyofanya kazi, kipande kwa kipande, naye akamuuliza maswali mpaka akachoka, kisha akasema, "Kumbe ulikwenda kusoma." Jambo hilo likaisha hapo.

Nilimuuliza mimi niko wapi kwenye mpango huo, nikitumaini kuambiwa kwamba vipo vitu mezani ambavyo kiini hakiruhusiwi kuvigusa hata kikibanwa vipi. Akasema, "Wewe ni feni. Kelele tu, lakini ikizima tunaungua." Nimelipokea.

Hali yake ilibadilika mwishoni mwa Mei 2023. Jumamosi tarehe 3 Juni, asubuhi, alipumua kwa shida, binti yetu amemshika mkono, na akaniita karibu. Dada mkubwa, tangu siku ile nyumba imejaa watu na sikupata mahali pa kukuambia haya. Unaamini kwamba nilikupigia simu kwa sababu nilimwona anakata roho na nikaona haya usiwepo. Sivyo. Sikukuita mimi. Yeye ndiye aliyesema, "Meza imebaki tupu. Mlete Kushoto," na nilipokupigia alikuwa akitazama mlango, hata baada ya kushindwa kusema. Ulikuwa njiani. Alifariki kabla hujafika, saa nne kasoro dakika chache, akitazama upande huo, na wa mwisho aliyemwekea nafasi mezani ulikuwa wewe.

Kwa niaba ya familia nawashukuru daktari wa moyo na wauguzi wa wodi namba sita, ambao hawakutudanganya, wafanyakazi wenzake wa juu ya duka la matairi, jirani wa mtaro na mumewe waliokesha nasi, na ninyi wote mliogeuzwa mlangoni mkaondoka bila kununa, au mkanuna na leo mmekuja.

Mke wangu, hakuna kilichokunjwa bila pini. Lala sasa, dada yako amefika.