Unene wa Mtoto wa Feresita

Lori la chumvi lilitoka Kasese kwenda Bwera. Juu ya magunia, Muniru, muuza nguo, aliwasikiliza wanawake wawili waliokutana humo humo safarini.

"Mutoto yangu amenenepa mpaka mama mukwe anasema nimupunguzie chakula," alijigamba Feresita, mwenye mimba kubwa na mtoto mapajani. "Nilimuachisha ziwa, maziwa ni ya huyu wa tumboni. Sasa ni uji ya muhogo tu. Ona nywele, nyekundu kama ya Muzungu!"

Muniru naye alikuwa amekwisha kumsifu mtoto, ingawa tangu Kasese mtoto mwenyewe hakuwa amecheka wala kulia.

Hajara, yule mwanamke wa pili, aliubonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba. Pakabaki kishimo. "Dada, hii si unene. Amevimba. Mupeleke kwa daktari. Mupe maharage, mupe samaki. Wangu alikuwa hivi hivi."

"Wako iko wapi?"

Hajara aliinamisha kichwa.

"Uko na wivu," Feresita alisema, akamfunika mtoto shuka.

Lori likasimama Bwera. Feresita alipokuwa akishuka, mguu wa mtoto ulichomoza kwenye shuka. Kile kishimo kilikuwa bado kipo.