Taisto Leppäkorpi Anastaafu, Sili Wanashuka Daraja

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kutunza vifaa vya Sili, klabu yetu ya mpira wa magongo wa barafuni, Taisto Leppäkorpi anastaafu rasmi tarehe thelathini Aprili, mkesha wa Mei Mosi. Ameomba hafla iwe fupi, kahawa iwe nyingi, na hotuba ya mwenyekiti isizidi muda wa mapumziko kati ya vipindi viwili. Kahawa tunaweza kumhakikishia.

Mimi ninayeandika haya ni Sirkka Vainikka, ile sauti mnayoisikia ikitangaza mabao katika ukumbi wetu wa barafu. Msimu huu koo langu limepumzika sana, maana mabao mengi yalikuwa ya wageni, na mabao ya wageni huwa siyatangazi kwa nderemo. Nimeombwa kuandika kwa sababu mimi na Taisto ndio wakongwe tuliobaki. Makocha wamekuja na kuondoka, wenyeviti vilevile, na hata barafu yenyewe huyeyushwa kila kiangazi. Taisto alibaki.

Alizaliwa hapahapa Kivisalmi, baba yake akiwa mfanyakazi wa kiwanda cha karatasi. Naye alianzia hukohuko kiwandani. Ujanani alicheza beki katika timu ya vijana wa Sili, mpaka goti lilipomkatalia. Mwaka ule mashine kubwa ya kiwanda ilipozimwa na watu wengi wakarudishwa nyumbani, klabu ilimwomba aje kusaidia kunoa vyuma vya viatu vya kutelezea kwa majira ya baridi moja tu. Mkewe, Marjukka, husema majira yale ya baridi hayajaisha mpaka leo.

Kazi ya mtunza vifaa haionekani mpaka iharibike. Yeye ndiye hunoa viatu, hushona jezi zilizoraruliwa, hukausha glavu, hufua, hupanga, kisha hupakia kila kitu kwenye gari na kutangulia njiani kabla ya basi la wachezaji. Taisto alikuwa mkali kwa mambo mawili: hakuna kuweka gongo juu ya meza ya kahawa, na hakuna kumtupia mwenzako jezi yenye jasho. Nahodha mmoja wa zamani, ambaye leo ni diwani, aliwahi kufagia chumba cha kubadilishia nguo wiki nzima kwa hilo kosa la pili, la jezi.

Naye alikosea pia. Mwaka tuliotwaa medali ya shaba alifika Kuopio bila begi la soksi. Mechi ilikuwa karibu kuanza. Taisto alizunguka ukumbini hadi akaazima soksi nyekundu za timu ya watoto wa wenyeji, na wanaume wetu wakaingia barafuni soksi zikiwaishia katikati ya muundi. Wenyeji walicheka mpaka kipindi cha pili, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu tulishinda. Wachezaji wakadai soksi zilezile kwa mechi iliyofuata. Taisto alikataa katakata. Alizifua, akazirudisha pamoja na mfuko wa maandazi ya iliki aliyooka Marjukka, na wale watoto wa Kuopio, niliambiwa, wakaomba Sili wasahau soksi kila mwaka.

Sasa niuseme msimu huu, kwa sababu hatuwezi kumuaga Taisto huku tukiuzunguka.

Tulianza na matumaini makubwa. Gazeti letu lilitutabiria nafasi ya sita. Tulikuwa na kocha mpya, ubao mpya wa matokeo, na washambuliaji wawili kutoka nje. Ubao ulifanya kazi vizuri. Tulipoteza mechi za mwanzo, tukajiambia ni za mwanzo tu. Novemba ikapita. Kufikia Krismasi wale washambuliaji wawili walikwishahama, na Januari kocha akaachishwa kazi, akawekwa mwingine wa muda. Tulikuwa mkiani mwa msimamo, na aliyekuwa juu yetu tulimwona kwa mbali.

Taisto alitakiwa kuondoka Mwaka Mpya. Nyonga yake ya kushoto imekwisha, anatembea na fimbo, na hospitali ilikwishampa tarehe ya upasuaji. Siku moja baada ya chakula cha mchana alipiga simu, akaomba upasuaji usogezwe hadi Mei. Marjukka alikuwa akiosha vyombo na alisikia yote.

"Daktari atakufokea," alimwambia.

"Afoke. Siwezi kuwaacha vijana wakiwa mkiani."

"Na ukianguka je?"

"Nitaangukia kwenye kapu la jezi. Ni laini."

Marjukka anasema hakubishana zaidi, kwa kuwa ameishi na mtu huyu na anajua pale ambapo maneno hayapiti.

Februari ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko yote. Majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa walikuja hapa wakatufunga nane bila. Kipa wetu, Valtteri Ruohomaa, alizomewa kila alipogusa kisahani tunachochezea badala ya mpira, hata pale alipokidaka. Upande wa mashariki, mashabiki walisimama wakageuza migongo, wakakaa hivyo mpaka mwisho. Kipa huyu amekulia Kivisalmi, na wengi wa waliogeuza migongo walikuwa majirani wa mama yake. Alipotoka barafuni aliivua kofia yake ya kipa, akaitumbukiza kwenye pipa la taka na kwenda zake.

Asubuhi yake alikuja kuchukua vitu vyake vilivyobaki. Akaikuta kofia imening'inia mahali pake, imeoshwa ndani, na kamba za kidevuni ni mpya.

"Niliitupa," Valtteri alisema.

"Niliona," Taisto akajibu bila kuinua macho kwenye mashine ya kunolea. "Vitu vya klabu havitupwi bila ruhusa yangu."

"Sichezi tena, mzee. Wamegeuza migongo. Umeona?"

"Nimeona. Migongo mibaya kweli. Mazoezi ni saa nne. Kahawa ipo."

Valtteri alikunywa kahawa. Baadaye aliniambia kwamba alikaa pale kwa sababu hakujua jinsi ya kuondoka mbele ya mtu anayekunolea viatu. Saa nne alikuwa golini.

Wiki hiyohiyo chama cha mashabiki kilitangaza kwamba wanachama wake hawataingia ukumbini hadi bodi ijiuzulu. Taisto akachukua fimbo yake, akateremka hadi sokoni kwa Hilkka Tervonen, mwenyekiti wa mashabiki, anayeuza soseji za kuchoma. Nilikuwa kwenye foleni, kwa hiyo nilisikia.

"Tumechoka, Taisto," Hilkka alisema huku akigeuza soseji. "Kila Jumamosi tunatoka majumbani na baridi yote hii, tunakuja kuaibishwa."

"Mna haki ya kuchoka."

"Basi tuache tukae nje."

"Huko nje mtamzomea nani? Theluji? Njooni ndani mzomee. Wakizomewa watajua kuna mtu. Ukumbi mtupu ndio utakaowaua."

"Umetumwa na bodi wewe."

"Bodi haijui hata kama nimetoka. Weka haradali nyingi."

Hilkka alimtazama, akaweka haradali. "Mkaidi kama mti wa mreteni," alisema. "Ukikunjwa huvunjiki. Nitawaambia. Siahidi kitu."

Jumamosi walikuja, na ngoma zao. Kipindi cha kwanza walizomea vizuri kabisa, kwa dhati. Cha pili walinyamaza. Cha tatu, Valtteri alipozuia mashuti matatu mfululizo huku amelala chali, Hilkka mwenyewe akaanza kuimba, na ukumbi ukampokea. Tulishinda. Kwa siku mbili baada ya hapo, sauti ikiwa imenikauka, nilikuwa nikiongea na mume wangu kwa ishara.

Ningependa kuandika kwamba kuanzia hapo mambo yalinyooka. Yalinyooka kidogo. Tulishinda kadhaa, tukashindwa kadhaa kwa heshima, na bado tukamaliza wa mwisho. Zikabaki mechi za mchujo dhidi ya mabingwa wa daraja la pili: atakayetangulia kushinda nne ndiye wa ligi kuu. Zikafika tatu kwa tatu. Mechi ya saba ilichezwa hapa kwetu, Jumapili alasiri, na mjini hata mbwa hawakutembezwa.

Mabao yalikuwa moja kwa moja. Muda wa nyongeza, ambapo bao la kwanza humaliza mechi. Valtteri alizuia kila kitu kilichokuja kwa njia inayoeleweka. Kisha mpinzani mmoja akapiga shuti ovyo tu kutoka pembeni, kisahani kikagonga kiatu cha nahodha wetu, Oiva Sandelin, kikabadili njia na kuingia polepole kwenye wavu wetu. Mimi nilikuwa nimewasha kipaza sauti. Nikakizima. Hilo ndilo bao pekee katika maisha yangu ambalo sikulitangaza.

Nilishuka chini nikasimama mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo pamoja na mwenyekiti, aliyekuwa anatafuta maneno. Ndani, watu wazima walikuwa wameketi na viatu miguuni, vichwa chini. Kila mtu pale alijua jambo moja: timu ikishuka, mkataba unamruhusu mchezaji kuondoka. Timu nyingi zilizoshuka ziliachwa tupu ndani ya wiki, na nyingine hazikuonekana tena.

Taisto alitupita akisukuma kapu lake la magurudumu. Kwa kawaida hukusanya jezi bila kusema neno. Siku hiyo alisimama mbele ya mchezaji wa kwanza.

"Namba yako niiweke au niitoe?"

Yule mchezaji, beki kutoka Latvia, alielewa mara moja. "Itoe, Taisto. Nimepata timu Ujerumani. Nina watoto."

"Sawa. Asante kwa kazi. Viatu vyako nitakunolea kabla hujasafiri." Akampa mkono, akasogea.

"Yako?"

"Iweke."

"Yako?"

"Sijui, mzee. Naweza kukujibu kesho?"

"Kesho nitakuwa nafua. Nijibu leo."

Kicheko kidogo kilipita chumbani, cha kwanza. "Haya, iweke."

Akafika kwa Oiva Sandelin. Nahodha hakuinua kichwa.

"Kilinigonga mimi," Oiva alisema. "Kiatu changu."

"Niliona. Nimeuliza namba."

"Nina miaka thelathini na saba, Taisto. Daraja la pili? Nikasafiri kwenye yale mabasi?"

"Mimi nina sitini na sita na nyonga mbovu, na mabasi hayo nimeyapanda. Yana viti. Namba yako?"

Chumba kizima kilikuwa kinamsubiri Oiva, naye alijua. Kisha akaivua jezi, akamkabidhi mkononi.

"Iweke," alisema. "Siondoki na lile bao."

Wa mwisho alikuwa Valtteri. Wakati wa mchujo ule, timu mbili za ligi kuu zilikwishamtafuta, na mjini hakukuwa na asiyejua. Alikwishavua jezi na kuikunja, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu nimfahamu.

"Yangu usiulize," alisema.

"Lazima niulize. Mwakani mimi sitakuwepo. Merja ndiye atakayefua, anahitaji kujua."

"Mwambie Merja aiweke."

Jezi nne zilitolewa kando. Nyingine zote ziliingia kwenye kapu. Mwenyekiti akaniambia kwa sauti ndogo kwamba hatazungumza tena, maana kilichokuwa cha kusemwa kimesemwa.

Nilimfuata Taisto hadi chumba cha kufulia. Nilimkuta ameketi kwenye kapu jingine lililofunikwa kifudifudi, fimbo sakafuni, akilia kimyakimya kama wanavyolia wanaume wa mji huu, kwa kutazama ukuta. Nilimmiminia kahawa.

"Nilitaka niondoke tukiwa juu, Sirkka," alisema.

"Najua."

"Miaka yote hii. Halafu nawaachia daraja la pili."

"Umewaachia timu. Asubuhi hii haikuwepo."

Alifikiria hilo huku akinywa. Kisha akajifuta uso kwa soksi safi, akasimama kwa taabu, akawasha mashine ya kufulia na kuniambia nitoke, kwa kuwa nilikuwa nimesimama juu ya glavu ya mtu.

Upasuaji wake ni wiki ya pili ya Mei. Kazi yake inachukuliwa na Merja Ojaluoma, aliyefanya naye kazi miaka sita na anayeweza kunoa kiatu huku akigombana na mtu kwenye simu. Mazoezi ya kiangazi yanaanza mwanzoni mwa Juni, chini ya kocha yuleyule wa muda, ambaye sasa si wa muda tena. Chama cha mashabiki kimekodi mabasi mawili kwa mechi ya kwanza ya ugenini, na Hilkka anaomba watu wawahi kujiandikisha kwa sababu nafasi zinakwisha. Taisto ameagizwa asionekane ukumbini kabla ya Septemba. Amekubali kwa mdomo.

Taisto, kwa niaba ya wachezaji wa zamani na wa sasa, wafanyakazi wa ukumbi, mashabiki walioimba na hata waliogeuza migongo, tunakushukuru kwa viatu vikali, jezi safi, na kahawa iliyotuamsha sote. Tumshukuru pia Marjukka, aliyetuazima mume. Nyonga mpya ikukae vyema, samaki wa ziwani wakuonee huruma, na miaka iliyo mbele iwe mingi na yenye afya. Kupanda daraja tuachie sisi.